Kitanda Kilichomngoja Bwana Harusi

Zoubeida wa mtaa wa Badjanani, Moroni, alivaa ufunguo shingoni tangu bintiye alipovunja ungo. Aliuvaa akioka mikate, akiswali, akienda msibani. Ulikuwa ufunguo wa chumba cha mbele, na chumbani humo hakuwahi kulala mtu, wala yeye mwenyewe, wala mumewe alipokuwa hai.

Kwa asiyejua mambo ya kisiwa chetu cha Ngazidja, nieleze kidogo. Huku nyumba ni ya mwanamke. Mama humjengea bintiye, na mwanamume huja na viatu vyake na heshima yake, basi. Lakini haji hivi hivi. Bwana harusi wa maana huingia kwa anda, ile harusi kubwa ambayo mji mzima hula ukashiba, na mwanamume asiyeifanya hubaki mtoto hata ndevu zake zikiwa nyeupe. Penye baraza la mji hasemi, na nyama ikigawanywa yeye hupewa iliyobaki. Kwa hiyo mama mwenye binti hutayarisha chumba miaka mingi kabla: kitanda, godoro, kabati la vioo, sahani, mashuka ya kudarizi. Kitanda hicho kinamngoja bwana harusi. Akikitangulia mtu mwingine, watu watasema, na watu wa Moroni wakianza kusema hawajui pa kuachia.

Zoubeida hakuwa tajiri. Alikuwa mwoka mikate ya sinia, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono yenye nguvu na ulimi wenye nguvu zaidi. Mikate haijazi kabati la vioo. Aliyelijaza ni dada yake mkubwa, Zalifa, aliyeolewa Majunga, kule Bukini, kisiwa kikubwa ng'ambo ya bahari, tangu ujana wake. Zalifa hakujaliwa watoto, mumewe akafa mapema, akabaki na meza yake ya vitambaa sokoni, na mapenzi yote aliyokuwa nayo akayaelekeza kwa Loutfia, binti ya mdogo wake. Meli ikija kutoka Majunga ilikuja na sanduku. Mara sahani zenye maua ya buluu, zimefungwa moja moja ndani ya kanga. Mara mapazia. Hata kitanda chenyewe, cha mbao nyeusi, kilikuja vipande vipande mpaka fundi akakiunga. Kila sanduku lilipofika, Zoubeida aliliingiza chumba cha mbele, akafunga mlango, akarudisha ufunguo shingoni.

Mchumba alikuwapo pia. Aliitwa Abdoulkarim, karani wa serikali, kijana mpole mwenye kalamu mfukoni hata siku ya Ijumaa. Mwaka wa uhuru, sabini na tano, Zoubeida alioka mikate ya kugawa bure barabarani, akasema mwaka ujao ataoka ya anda. Bendera ikapanda, ngoma zikapigwa, na kabla ya watu kuzoea wimbo wa taifa, serikali ikapinduliwa. Mwaka uliofuata madaraka yakawa mikononi mwa Ali Soilih, ambaye watu walimwita Mongozi, yaani kiongozi.

Mongozi alisema anda inawala maskini, na akaipiga marufuku. Hapa sitamdanganya mtu: mengine aliyosema yalikuwa kweli tupu. Nimewaona watu wakiuza mashamba ya mama zao ili majirani wale wali wa nyama na kwenda zao kusema nyama ilikuwa ngumu. Lakini kweli hiyo ililetwa mitaani na watoto wa shule waliopewa bunduki na marungu, na kweli ya namna hiyo watu huimeza bila kuitafuna. Zoubeida hakubishana na mtu. Alimwambia Loutfia, "Serikali hupita, mwanangu. Kitanda hakiozi."

Basi wakangoja.

Mwishoni mwa sabini na sita zikaja habari za Majunga. Watu wetu walikuwa wamechinjwa huko, nyumba zao zimechomwa, waliosalia wamekusanywa kambini. Zoubeida alilia mpaka sauti ikakauka, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Msije mkadhani nasimulia habari za mtu asiye na moyo. Alikaa siku nzima mlangoni akiuliza kila mpita njia kama kuna jina la Zalifa. Hakuna aliyejua.

Mwaka ulipoanza, ndege zikaanza kuwaleta. Zilikuwa ndege za Sabena, na midomo yetu isiyochoka ikawapa wale watu jina hilo hilo. Sabena. Mtu amekimbia panga, hana kandambili, na sisi tunamwita kwa jina la ndege. Mwanzoni tuliwapelekea mikeka na wali. Baadaye tukaanza kuona wanazungumza kibukini mno, wanajaza visima, watoto wao hawana adabu. Huruma yetu haikumaliza hata mfungo mmoja.

Zalifa alifika alasiri moja. Lori lilimshusha karibu na gati, akaingia vichochoro vya Badjanani kwa miguu, amekonda, nguo aliyovaa si yake. Nyuma yake alikuwa mzee mrefu aliyeshika upindo wa nguo ile, macho yake meupe yote mawili kwa mtoto wa jicho.

"Zoubeida," alisema mlangoni. "Nimerudi nyumbani."

Walikumbatiana wakalia, na Loutfia akalia pamoja nao. Walipokwisha, Zoubeida akajifuta uso na kumwangalia yule mzee.

"Na huyu?"

"Huyu ni Bakoko Chanfi," Zalifa akasema. Bakoko kwetu ni babu. "Mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha pili. Alikuwa fundi cherehani Majunga. Haoni."

"Ni nani wako?"

"Si nani wangu. Tulikuwa kambi moja. Tulipopanda ndege alishika nguo yangu, hajaiachia mpaka leo."

Mzee akatoa salamu kwa upole, uso ameuelekeza pasipo na mtu. Zoubeida akaitikia. Moyoni alikuwa ameanza kupima nyumba yake. Ilikuwa na chumba cha ndani, alimolala yeye na Loutfia. Ilikuwa na chumba cha mbele. Na uani kulikuwa na jiko, banda la makuti lenye mafiga, kuni na kuku.

"Dada, nyumba hii ina msichana," alisema. "Mwanamume asiye maharimu hawezi kulala ndani. Utanielewa. Wewe njoo ulale na sisi, na mzee tutamtandikia jikoni."

"Jikoni kuna moto, naye haoni. Akiamka peke yake ataanguka." Zalifa akatazama mlango wa mbele. "Na chumba kile?"

"Kile ni cha Loutfia."

"Najua," Zalifa akasema. "Nilitaka kujua tu kama kimekwisha kujaa."

Akaenda jikoni. Alitundika kanga katikati ya banda, mzee akalala upande wa mlango, yeye upande wa kuni. Zoubeida aliwapelekea mkeka mpya na mto, akawapikia vizuri, akaona amefanya wajibu wake. Majirani walipouliza, aliwaambia dada mwenyewe ndiye aliyechagua jikoni kwa ajili ya mzee. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli, na alivyoitumia nusu hiyo, hakuna aliyemwomba ya pili.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Makuti ya jiko yalikuwa ya zamani. Zoubeida akilala chumba cha ndani aliisikia mvua ikianguka juu ya bati lake, akajifunika. Bakoko Chanfi akaanza kukohoa. Zalifa alikuwa wa kwanza kuamka. Mdogo wake akitoka, alikuta moto umewashwa, unga umechekechwa, sinia zimepakwa samli. Hakunung'unika. Laiti angenung'unika, Zoubeida angepata la kumjibu.

Loutfia ndiye aliyenung'unika. "Mama, chumba kiko tupu na Mama Mkubwa analowa."

"Hakiko tupu. Kimejaa."

"Kimejaa vitu vyake."

"Vitu alivyokuletea wewe, kwa siku yako. Nikikiharibu leo, kesho watu wa Abdoulkarim watasema nini? Kwamba mtoto wao amelazwa kitanda alichokikoholea kizee cha kambini?"

Loutfia akarudi kwenye kazi yake, kwa sababu mama yake alikuwa amesema jambo ambalo watu wa Abdoulkarim kweli wangelisema.

Mwezi wa nne Mongozi aliwafukuza makarani wote wa serikali, Abdoulkarim akarudi kwao na kalamu yake. Kamati za vijana ndizo zikawa serikali mitaani. Wakati huo ndipo Youssoufa, mvuvi wa kichochoro kile, alipomletea Zoubeida habari. Kamati inapita nyumba kwa nyumba, alisema, inatafuta watu wanaoweka vitu vya anda kwa siri. Wakikuta chumba kimepambwa na hakina mtu wanabeba kitanda, godoro na kabati. Upande wa Magoudjou wameshabeba. Kesho asubuhi wanakuja Badjanani.

Mtu mwingine angeficha sahani. Mtu mwingine angemwomba Mungu. Zoubeida, mjue alivyokuwa, alikaa juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, akafikiri, na akapata njia. Na njia yenyewe ilikuwa nzuri sana, hata leo nikiikumbuka naona haya kwa niaba yake.

Asubuhi alikwenda jikoni. "Dada," alisema, "leo hamtakaa humu. Njooni."

Akavua ufunguo shingoni, akafungua chumba cha mbele, akafungua na dirisha. Harufu ya karafuu alizoweka kwenye mashuka ikatoka. Alimshika Bakoko Chanfi mkono yeye mwenyewe, akamvusha kizingiti, akamkalisha kitandani, kisha akamwinua miguu na kumlaza. Zalifa akasimama katikati ya chumba akitazama kabati. Sahani zake zenye maua ya buluu zilikuwa zimepangwa nyuma ya vioo. Tangu afike alikuwa akila kwenye sahani ya bati.

"Lala na wewe, dada. Pale ukingoni, weka na vitu vyenu chini. Wakija waambie ninyi ni Sabena na hiki ndicho chumba chenu."

Zalifa akamwangalia. "Wakija nani?"

Zoubeida akamweleza haraka haraka, kwa sauti ya chini, akielekea kwenye mlango. Zalifa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikwenda jikoni, akarudi na kifurushi chao na bati zao mbili, akaviweka chini ya kitanda, akajilaza ukingoni na nguo zake zote.

Yule mzee hakuwa amesikia maneno yale ya mlangoni. Alikuwa akipapasa godoro kwa viganja, akipapasa nakshi za ubao, akishika shuka na kulisugua kati ya vidole kama fundi anavyopima kitambaa. Uso wake ulikuwa umefunguka.

"Mwanangu Zoubeida," alisema. "Uko hapo?"

"Niko, Bakoko."

"Kumbe ulikuwa unatutayarishia. Nami nilikuwa nikinung'unika moyoni, Mungu anisamehe. Nilikuwa nikisema, watu hawa wametuweka na kuku. Nisamehe, mwanangu. Mungu akupe kitanda kama hiki peponi."

Zoubeida alitamani aseme kitu. Alichosema ni "Amina."

Vijana walifika kabla ya adhuhuri. Hawakusema "kwezi", neno letu la mdogo kumsalimu mkubwa; wao walikuwa wamefundishwa kwamba wakubwa wamekwisha. Mkuu wao alikuwa msichana mwenye bunduki, mtoto wa jirani aliyewahi kula mikate ya Zoubeida bure. Akaingia chumba cha mbele, akamwona mzee kipofu amelala kwenye mashuka ya kudarizi na mwanamke amekonda pembeni yake. Akauliza ni akina nani.

"Sisi ni Sabena," Zalifa akasema. "Hiki ndicho chumba chetu."

"Tangu lini?"

"Tangu tufike."

Zalifa alisema hivyo akimtazama yule msichana, hakumtazama mdogo wake. Msichana akatazama kabati, akamtazama mzee anayetabasamu, na ile bunduki begani ikaonekana kuwa nzito kwake. Kisha akafanya jambo ambalo Zoubeida hakulitarajia. Alimgeukia, akamshika mkono, akasema mbele ya wenzake wote kwamba laiti kila mama wa Moroni angekuwa kama huyu, mapinduzi yasingehitaji bunduki. Wale vijana wakapiga makofi, wakatoka, wakaenda nyumba ya pili. Majirani waliokuwa wamejaa kichochoroni wakasikia yote, na wote walijua dada yake Zoubeida analala wapi. Hakuna aliyecheka. Walianza kujishughulisha na mambo yao.

Zoubeida alingoja mpaka sauti za vijana zikapotea upande wa Msikiti wa Ijumaa wa zamani. Kisha akaingia chumbani.

"Haya, dada," alisema. "Wamekwenda. Shuka litakunjamana."

Naliandika neno hili kama alivyolisema, sikuliongeza wala sikulipunguza. Zalifa akainuka. Akamwinamia mzee, akamgusa bega.

"Bakoko, tushuke."

"Kwani tunakwenda wapi?"

Zoubeida alikuwa kasimama pale, mkono ukiwa juu ya ufunguo wake. Zalifa angeweza kusema chochote.

"Chumba hiki kina joto mchana, Bakoko," alisema. "Utakohoa. Kule nje kuna upepo. Tutarudi."

Akamshusha, akamshikisha upindo wa nguo yake. Kabla ya kutoka alirudi, akalivuta shuka, akalinyoosha kwa kiganja mpaka pasibaki dalili kwamba mtu alilala. Alilinyoosha vizuri, kwa sababu alilinunua yeye. Zoubeida akafunga mlango.

Kabla ya Ijumaa ya pili Zalifa alikuwa amepata wafanyabiashara wa Mutsamudu waliokuwa wakirudi kwao, na mmoja wao aliujua mtaa wa kina Chanfi. Hakuaga kwa ugomvi. Aliosha zile bati mbili, akazifunika juu ya mafiga, akakunja mkeka. Loutfia ndiye aliyewasindikiza mpaka gatini na kifurushi kichwani. Zoubeida alisema ana mikate motoni.

Baada ya hapo, watu waliomjua Zoubeida waliona amebadilika kidogo. Ulimi wake ulipungua makali. Mvua ikinyesha alikuwa akitoka uani, anasimama chini ya makuti ya jiko, anatazama maji yanapoingia. Alimwita fundi wa makuti mara moja, kisha akamrudisha mlangoni. Kulitengeneza banda baada ya watu kuondoka aliona ni kama kumchumbia maiti. Na Loutfia alimjibu mama yake kwa adabu yote, salamu kwa salamu, na zaidi ya hapo hakumpa kitu.

Mwezi wa tano, sabini na nane, Mongozi akapinduliwa. Vijana wakatupa bunduki zao, watu wazima wakarudi barazani, na kabla msimu haujaisha anda zikarudi kwa njaa yote ya miaka ile. Abdoulkarim alirudishwa ofisini. Watu wake wakaja kwa Zoubeida na sinia za zawadi, siku ikawekwa.

Lakini katika ukoo wa kina Zoubeida, bwana harusi hafunguliwi mlango na mama wa bibi harusi. Anafunguliwa na mwanamke mkubwa kuliko wote wa tumbo lile, naye ndiye anayemshika mkono mpaka kitandani. Mkubwa alikuwa Zalifa. Zoubeida alijaribu kusema yuko mbali, ni mzee, shangazi fulani atatosha.

"Mama Mkubwa asipofungua mlango ule," Loutfia akasema, "mimi sitakuwa ndani yake."

Hayo ndiyo yaliyompandisha Zoubeida ndege kwa mara ya kwanza maishani, mpaka Ouani, kiwanja cha ndege cha kisiwa kile, na kutoka Ouani kwa gari mpaka Mutsamudu. Alibeba mkate wa sinia umefungwa kwa kitambaa. Njia nzima alipanga maneno ya kuomba radhi. Atasema hofu ilimpofusha. Atasema ni wakati ule, ni serikali ile. Alipoingia vichochoro vya mji, kati ya wanawake waliojifunga shiromani nyekundu, maneno yote yalikuwa yamekaa sawa.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya zamani, chokaa imebanduka. Mlango ulifunguliwa na mwanamke kijana, mjamzito. Zoubeida akajitaja.

"Zoubeida wa Moroni?" Yule mwanamke akamshika mikono yote miwili. "Mimi ni Saoudat. Mzee Chanfi ni mjomba wangu. Karibu, mama, karibu. Habari zako tunazo humu ndani kila siku."

Zoubeida alidhani anaingia kwenye hukumu.

Ndani kulikuwa na chumba kimoja cha maana, na chumbani kitanda, na kitandani Bakoko Chanfi ameegemea mto, mnene kuliko zamani, ndevu zimechanwa. Zalifa alikuwa chini kwenye mkeka akichambua mchele. Aliinuka, akamkumbatia mdogo wake, akamkalisha palepale ukingoni mwa kitanda, kwa kuwa kiti hakikuwapo.

"Nani?" mzee akauliza.

"Zoubeida, Bakoko. Mdogo wangu."

Mzee akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wa Zoubeida, akaushika. "Wewe ndiye uliyetulaza kwenye kitanda kile," alisema. "Saoudat, huyu ndiye niliyekuambia. Alikuwa na binti wa kuolewa na chumba kimepambwa, akatulaza sisi Sabena. Alinivusha kizingiti kwa mkono wake mwenyewe. Mimi ndiye niliyeharibu kwa kikohozi changu. Kila nikiswali nakutaja, mwanangu."

Saoudat akamwitikia kwa kichwa, macho yamejaa machozi ya heshima. "Mjomba alipofika na kutusimulia," alisema, "mimi nilikuwa nimeolewa mwezi ule, bila sherehe, kama ilivyokuwa wakati ule. Kitanda hiki nilipewa na mama. Nikamwambia mume wangu, kama mtu wa Moroni ameweza, tutashindwa sisi?" Akaonyesha mkeka uliokunjwa nyuma ya mlango. "Sisi tunalala pale. Na kadhi aliwafungisha ndoa wazee hawa, kwa Fatiha na tende, pasiwe na wa kusema."

Zoubeida aligeuza uso. Maneno aliyoyapanga njiani hayakuwa na pa kuingilia. Alifungua kinywa kusema kweli, aiseme yote, mbele ya mzee na mbele ya binti huyu anayelala chini akiwa mjamzito kwa sababu ya wema ambao haukuwapo. Macho yake yakakutana na ya Zalifa. Zalifa alitikisa kichwa kidogo sana, kisha akamtazama mzee.

Zoubeida akafunga kinywa. Ikambidi apokee shukrani zile, akae juu ya kitanda cha watu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa kipofu anayemwombea dua. Hajawahi kuketi mahali pagumu kama pale.

Walipobaki wawili, mzee amepelekwa kuswali alasiri, Zoubeida alieleza kilichomleta. Alieleza vibaya, akilia. Alisema Loutfia amekataa, ukoo una desturi, mlango lazima afungue yeye. Alisema, "Nisamehe, dada." Zalifa aliendelea kuchambua mchele.

"Nitakuja," alisema. "Loutfia ni mwanangu." Akatupa kijiwe. "Nikija, nitalala wapi?"

Lilikuwa swali la kawaida la mtu anayesafiri. Zoubeida akaliangalia akilini. Chumba cha mbele ni cha maharusi. Chumba cha ndani kitajaa shangazi na wapishi. Na kabla hajajizuia, palepale, baada ya yote yale, akili yake ilikuwa imekwisha kumweka dada yake jikoni. Alijiona akifanya hivyo.

"Utalala kitandani kwangu, wewe na mzee," alisema. "Wageni wengine watajua wenyewe. Mimi nitalala jikoni."

Zalifa akafikiri, mkono ukiwa ndani ya ungo.

"Basi usilale upande wa kuni," alisema kwa upole. "Upande ule ndio unaovuja. Lala alipolala mzee, na ndoo uiweke kichwani, si miguuni. Mimi nilichelewa kulijua hilo."

Alikuja. Alivaa ufunguo shingoni kwa siku zote za harusi, akamfungulia Abdoulkarim mlango, akamshika mkono mpaka kitandani, na mji ukala ukashiba na kusema nyama ilikuwa ngumu. Zoubeida alilala jikoni, upande wa kuni, juu ya mkeka ule ule, na ndoo hakuiweka popote. Moroni mvua haina msimu wake, huja inapotaka. Wiki nzima ile haikunyesha hata tone, na Zoubeida alilala chini ya makuti mabovu, mkavu kabisa, akiingoja.